Mkuu, usimwage lenta ya mianzi

Mkuu, umesema Jumamosi unamwaga lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) na boriti ya baraza huko Ihumwa, na nondo utaacha, utaweka mianzi ili nyumba isiharibu mazingira. Simamisha hiyo kazi. Mimi nilifanya hivyohivyo Mkonze, na boriti ile niliivunja kwa nyundo.

Ilikuwa ya mita tatu, imebeba tofali juu ya baraza. Mianzi niliitoa Iringa, mikavu, ukiigonga inalia. Kumbe tatizo lilikuwa huo ukavu. Mwanzi mkavu ukiufukia kwenye zege bichi unakunywa maji unavimba. Zege likishakauka, na upepo wa Julai hapa Dodoma mnaujua, mwanzi nao unakauka na kusinyaa. Zege limeshakuwa gumu, haliwezi kuufuata, basi unabaki mwanya kuuzunguka mwanzi wote. Miezi minne baada ya kutoa mirunda, zile nguzo za kushikilia zege bichi, geti la baraza likaanza kukwaruza juu. Nikapanda ngazi: ufa wa chini katikati ya boriti unameza sarafu ya shilingi mia. Siku ya kuvunja nilishika ncha ya mwanzi kwa vidole viwili, nikauzungusha ndani ya zege kama kalamu kwenye kifuniko chake. Haukushika chochote!

Aliyenipotosha alichukua hela yangu ya mafunzo akaniambia mwanzi una nguvu kama chuma. Kuvutwa hadi ukatike, ni kweli baadhi ya mianzi inakaribia chuma laini. Ila hakusema kwamba kwa unene uleule na mzigo uleule, mwanzi unarefuka mara kumi ya nondo au zaidi. Boriti inapinda na kupasuka mwanzi ukiwa bado mzima. Nilipompigia akasingizia fundi wangu hakuchanganya vizuri. Fundi alichanganya vizuri! Nachemka hadi leo, maana wanangu walikuwa wanacheza chini ya boriti ile.

Chochote kinachobeba mzigo juu ya uwazi kiwekee nondo, na mhandisi ndiye apange idadi na unene. Zipo nondo za hapa nchini zilizoyeyushwa kutoka vyuma chakavu, hizo dhambi unayoiogopa ni ndogo. Uharibifu wa mazingira upunguze kwa aina ya saruji unayochagua, si kwa kupunja kipimo, maana moshi mwingi unatoka kwenye klinka, yaani mawe ya chokaa na udongo yanayochomwa karibu nyuzi 1,450 kisha kusagwa kuwa saruji. Soma mfuko: saruji ya aina ya CEM II au CEM IV yenye pozolana, kama majivu ya volkano, ina klinka pungufu. Hukomaa polepole, kwa hiyo funika magunia, mwagilia wiki mbili, na mirunda isitoke mapema. Majivu ya pumba za mpunga za Bahi uliyoyataja, yale ya kwenye tanuri za matofali, usiyatie kwenye boriti. Moto wake haupimwi, na majivu yaliyoungua kupita kiasi hayashikani na chokaa ya saruji.

Mianzi uliyonunua jengee uzio au banda la kuku. Na kama lenta moja umeshamwaga, usiguse mirunda yake. Tuma picha leo.