Pupusa za maharage kwenye chuma kilichopikiwa nguruwe

SWALI: Assalamu alaykum Sheikh. Mimi ni binti wa Tanga, naishi Langley Park, Maryland, huu mwaka wa pili. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, zamu ya usiku. Asubuhi nikishuka basi kuna mama mmoja wa Kisalvador, wa nchi ya El Salvador huko Amerika ya Kati, ana kibanda cha pupusa, ile mikate ya mahindi yenye kitu ndani. Nanunua mbili za maharage na jibini, za moto, dola sita, nashiba mpaka jioni. Yule mama huniita mwanangu kwa lugha yake, na siku nikichoka sana huniongezea ya tatu bila kunidai. Sasa mwenzangu tunayekaa nyumba moja ameniambia chakula cha watu wale chote ni najisi, na kila tonge nililokula limenipotezea sala za siku arubaini. Dada mwingine kwenye kikundi chetu cha WhatsApp akasema nisome bismillahi tu, moto umeshatakasa. Juzi nikaangalia vizuri nikaona zangu na za nguruwe zinaokwa chuma kimoja. Tangu siku hiyo napita njia ya nyuma tusionane. Nimelia sana. Je, nilipe sala zangu? Na naweza kurudi kula?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakatuh, binti yangu. Swali lako nimelisoma mara tatu, na kila mara kilichonikaa moyoni ni hiyo njia ya nyuma. Basi kwanza nikutue mzigo: hulipi hata sala moja. Ulikula ukiamini ni maharage na jibini, hukujua, hukukusudia. Sala zako ni sahihi. Futa machozi, kisha tuendelee.

Aliyekutajia siku arubaini ameshika riwaya ya Ibn Abbas, Mtume akimwambia Saad bin Abi Waqqas kwamba mtu akitia tumboni tonge la haramu amali yake haikubaliwi siku arubaini. Tabarani ameipokea, na wajuzi wa hadithi wameidhoofisha isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake. Siku arubaini zilizothibiti zimekuja kwa mnywaji pombe, na kwa anayekwenda kwa mpiga ramli kumuuliza jambo. Na hata hao, wanazuoni wamefafanua kwamba wanachokosa ni thawabu. Faradhi imewaondokea, wala hakuna aliyewaambia wazilipe zile sala. Sasa mtu anachukua riwaya dhaifu, anaipa maana isiyokuwa nayo, anamtwika binti aliyekesha usiku kucha akiwageuza wagonjwa vitandani! Mwenyezi Mungu amesema katika Suratun Nahl, aya ya 116, tusiseme kwa uwongo wa ndimi zetu kwamba hiki halali na hiki haramu. Mwenzako angeisoma aya hiyo kabla ya kufungua kinywa.

Ama kusema kwamba chakula cha watu wale chote ni najisi, huenda ameisikia aya ya 28 ya Suratut Tawba isemayo washirikina ni najisi. Wengi wa wanazuoni wameifahamu kuwa ni najisi ya itikadi. Mwili wa mtu ni twahara, awe Muislamu asiwe. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimfunga Thumama bin Uthal kwenye nguzo ya msikiti wake, na Thumama siku ile hakuwa amesilimu. Safarini, yeye na maswahaba walitumia maji ya viriba vya mwanamke mshirikina, hadithi ya Imran bin Husayn, imo katika Bukhari na Muslim. Sayyidna Umar alitawadha kwa maji ya mtungi wa mwanamke wa Kinasara, na mpokezi wa habari hiyo ni Imamu Shafi mwenyewe, ambaye sisi watu wa pwani tunajinasibisha na madhehebu yake. Mtume alikula nyumbani kwa Mayahudi. Na aya ya 5 ya Suratul Maida iko wazi: chakula cha waliopewa Kitabu ni halali kwenu, na chakula chenu ni halali kwao. Wasalvador wengi ni Wakatoliki na walokole. Kama aya hii haiwahusu wao, basi inamhusu nani?

Halafu watu hawa si wageni na sisi kama anavyodhani mwenzako. San Salvador, mji mkuu wao, kuna Waislamu na kuna misikiti. Armando Bukele, marehemu baba wa rais wao Nayib Bukele, alikuwa na asili ya Palestina, akasilimu, akawa imamu huko kwao. Nimelitaja hili kwa sababu neno "watu wale" linaniudhi kila ninapolisikia misikitini kwetu huku Marekani.

Nikija kwa dada wa bismillahi, nia yake ni njema, ila amekosea, na kosa lake ni hatari zaidi kwa sababu ni tamu. Hadithi ya bismillahi anayoikusudia ni ya Bibi Aisha. Watu waliuliza kuhusu nyama iliyoletwa na Waislamu wapya, haijulikani kama wamelitaja jina la Mungu wakati wa kuchinja, wakaambiwa: litajeni nyinyi, mle. Pale shaka ilikuwa juu ya kulitaja jina hilo tu. Hakuna mahali bismillahi imefanya nguruwe awe kitu kingine.

Na moto hautakasi nguruwe. Abu Thalaba al-Khushani alimwambia Mtume kwamba wanakaa jirani na Ahlul Kitabu, yaani hao waliopewa Kitabu, wanaopika nguruwe ndani ya vyungu vyao na kunywa pombe katika vyombo vyao. Akajibiwa kwamba wakipata vyombo vingine watumie hivyo, na wasipopata waoshe vile kwa maji kisha wavitumie. Tazama vizuri hapo, binti yangu. Vyungu vile vilikwisha kaa motoni miaka. Kama moto ungetosha, maji yangeamrishwa ya nini? Moto unayeyusha mafuta ya nguruwe, unayafanya yatiririke, yaende mbali kuliko yangekwenda yakiwa baridi.

Wanazuoni wamesema kukihukumu kitu ni tawi la kukijua. Mimi nami naishi jimbo hilo hilo la Maryland, basi kabla ya kukuandikia nilikwenda kusimama mbele ya kibanda kimoja, si cha mama yako, nikatazama kwa muda mrefu mpaka mpishi akaniuliza nataka ngapi. Alichukua donge la unga wa mahindi, ukubwa wa chungwa dogo. Mahindi yenyewe huchemshwa kwa maji ya chokaa kabla ya kusagwa, ndiyo maana harufu yake si ya ugali wetu. Akalibonyeza kwa dole gumba likawa kama kikombe, akatia maharage yaliyopondwa na jibini, akafumba, akalipigapiga viganjani, paa paa paa, mpaka likawa duara nene kama mkate wa mofa. Kila mara vidole vilichovya bakuli la maji yaliyochanganywa na mafuta ili unga usigande. Kandoni palikuwa na mabakuli ya kujazia: maharage, jibini yenye vichipukizi vya maua ya loroko, na ile wanayoiita chicharrón. Hii kwa Wasalvador ni nyama ya nguruwe iliyopikwa ikasagwa mpaka ikawa rojo zito. Ukisikia mtu anaagiza "revuelta", ni mchanganyiko wa hiyo nguruwe, maharage na jibini. Na mkono uliotoka kwenye nguruwe ulirudi kwenye unga, ukachovya tena bakuli lile lile.

Kwa hiyo chuma ulichokiona ni jambo la tatu. La kwanza ni mafuta yaliyokaangia maharage. Wapo wanaokaanga kwa mafuta ya mimea, wapo wanaotumia "manteca", yaani mafuta ya nguruwe. Yakiwa ni hayo, maharage ni haramu, hata chuma kiwe kipya kutoka dukani. La pili ni mkono na lile bakuli la mafuta. Ukishaona kwa macho mkono umetoka kwenye nguruwe ukaingia kwenye unga wako bila kuoshwa, pupusa ile imenajisika, iache. Chuma nacho, jibini ikipasuka humwagika ikaungua ukingoni ikawa ya kahawia, na watu huipenda sehemu hiyo kuliko zote. Katika revuelta inayomwagika hivyo mna mafuta ya nguruwe. Ukiyaona yamefika chini ya pupusa yako, usile. Lakini ikiwa yako imewekwa upande wake na hukuona kitu, asili ni twahara, na yakini haiondolewi na shaka. Itakuwa ni karaha kwa aliye na chakula kingine, haifiki kuwa haramu. Hukutakiwa uwe mpelelezi.

Njia ipo, na saa zako zinakusaidia. Wewe unafika alfajiri, mama anaanza kazi. Mwombe akupikie zako kwanza, chuma kikiwa kimeoshwa, mikono imeoshwa au ina glovu mpya, bakuli la mafuta limebadilishwa. Kuhusu kuosha, utaambiwa na Mshafi mwenzetu kwamba najisi ya nguruwe huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na kweli ndiyo kauli mashuhuri katika madhehebu. Lakini Imamu Nawawi, ambaye hakuna Mshafi asiyemtegemea, amesema kwa upande wa dalili kauli yenye nguvu ni kwamba kuosha mara moja bila udongo kunatosha. Mimi nakupa fatwa kwa kauli hiyo. Sitakupeleka na ndoo ya udongo barabarani kwa watu.

Jibini isikusumbue. Suala la kigandisho kitokacho tumboni mwa ndama lina khitilafu ya zamani, na maswahaba walikula jibini ya Wamajusi, waabudu moto, baada ya kufunguliwa Iraq. Isitoshe, jibini nyingi ya huku sasa hugandishwa kwa kigandisho kisichotoka kwenye mnyama. Na ile kachumbari yao ya kabichi na karoti ndani ya siki, "curtido", kula kwa raha. Mtume alitaka kitoweo akaambiwa hakuna ila siki, akasema: kitoweo bora kilioje siki! Pupusa za kuku na za ng'ombe sizigusi leo, mlango wake ni wa uchinjaji.

Sasa hiyo njia ya nyuma. Jibril alimuusia Mtume kuhusu jirani mpaka akadhani atamrithisha. Abdullah bin Amr alipochinjiwa kondoo nyumbani kwake aliuliza, na akarudia kuuliza: mmempelekea jirani yetu Myahudi? Nawe una jirani aliyekulisha pupusa ya tatu bila kuhesabu, na malipo yake yamekuwa kumkwepa. Hajui kosa lake. Huenda anadhani amekuudhi, au mmemsengenya, au umehama.

Wasalvador wengi wa mtaa wako, wao au wazazi wao, walikimbia vita vilivyodumu tangu 1980 hadi 1992. Walikuja mikono mitupu, wakaanza na kile mikono inachokijua. Pupusa kwao ni kitu kikubwa: mwaka 2005 Bunge lao liliitangaza kuwa chakula cha taifa, na Jumapili ya pili ya Novemba ni siku yake. Anayekuongezea moja amekupa kitu cha kwao, kama mama yako angemwongezea mgeni kitumbua. Kumkataa kwa adabu inawezekana. Kumtoroka haifai.

Basi kesho asubuhi pita njia ya mbele. Msalimie kwanza, mwulize hali ya watoto. Kisha mwambie kwamba dini yako haikuruhusu nguruwe, wala mafuta yake. Maneno ni mepesi: "sin chicharrón, sin manteca", na "sin" ni "bila". Ataelewa haraka kuliko unavyodhani. Hata kwao wapo Wasabato, na Wasabato hawamli nguruwe, kwa hiyo hutakuwa wa kwanza kumuuliza. Asipoweza kubadilisha, usimlazimishe, usimkunjie uso. Nunua matunda ama kinywaji kama anauza, ukae naye dakika mbili. Na siku yako ya mapumziko mpikie kitu cha Tanga, mkate wa kumimina au viazi vya nazi, umpelekee kikiwa cha moto.

Mwenzako wa nyumbani usigombane naye. Msomee sehemu ya Abu Thalaba, halafu mwalike mwende pamoja.

Ukishamuuliza yule mama kuhusu maharage, niandikie amejibu nini. Wallahu a'lam.