Majike wangu wana undugu wa chini ya sifuri?

SWALI: Shikamoo mama. Nasomea wanyamapori. Nimekusanya kinyesi cha tembo Mikumi, vinasaba vikasomwa kwa alama 10 (sehemu za vinasaba zinazotofautiana kati ya tembo na tembo), data nikaiweka kwenye programu ya Coancestry inayokadiria undugu. Majike wawili ninaowaona pamoja tangu Juni wamepata -0.12. Msimamizi anasema nifute hiyo jozi. Nimekosea wapi?
Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Usifute kitu.

Programu haijui ukoo wa mtu. Inatazama aleli, yaani matoleo ya kila alama, za hao wawili na kuuliza kama wamefanana kuliko tembo wawili wa kuokota tu humo Mikumi. Hao wa kuokota ndio sifuri yako. Waliofanana pungufu ya hapo wanaangukia hasi, basi. Wang, mtafiti wa London, alipoitoa programu hiyo mwaka 2011 aliiwekea vikokotoo saba vya undugu, na viwili kati yake havishuki chini ya sifuri. Ila usichague kikokotoo kwa sababu jibu lake linapendeza machoni.

Mimi naogopa kinyesi zaidi. Kikishapigwa jua, vinasaba hukatika, na kwenye PCR, yaani kunakili vinasaba maabara, aleli moja hupotea. Niliwahi kuandika kwamba jike fulani si mama wa ndama aliyekuwa akimnyonyesha mbele ya gari letu! Kwenye alama moja ndama alikuwa na aleli za urefu wa 142 na 146, mama akasomeka 150 mbili. Mama na mwana lazima wachangie aleli moja kila alama, nami nikaamini karatasi kuliko macho. Tuliporudia mara ya tano, 142 ya mama ikajitokeza. Basi kila sampuli inayoonyesha aleli moja tu, irudie.

Halafu alama 10 ni chache. Iambie programu ikutengenezee jozi za kubuni kwa takwimu za aleli zako mwenyewe. Ndugu wa kuchangia mama tu wanatakiwa 0.25, lakini utashangaa wanavyotawanyika, wengine hadi kwenye hasi.

Na huenda majike wako kweli si ndugu. Mikumi majangili waliua tembo wengi kabla biashara ya pembe haijapigwa marufuku mwaka 1989, na utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2009 ulikuta huko makundi yenye majike wazima wasio na undugu wa karibu. Wasiobaki na ndugu hujiunga na wengine.

Anza na PCR ya hao wawili, kisha uniandikie. Nisalimie msimamizi.