Povu la poliurethani (plastiki yenye vitundu inayotumika kuzuia joto) likigeuka kahawia, limeharibika?
Si lazima. Rangi hiyo kwenye povu gumu husababishwa na miale ya urujuanimno ya jua, nayo hula ngozi ya juu tu na kuigeuza unga. Kwangua ule unga mpaka ufikie povu lenye rangi yake ya awali, futa vumbi, kisha paka rangi ya akriliki au silikoni inayozuia jua. Ukipaka juu ya unga itabanduka.

Kinachodhuru zaidi hakionekani: gesi iliyofungwa vitunduni hutoka taratibu na hewa huingia, hivyo upitishaji joto hupanda, mathalani kutoka 0.022 hadi 0.027 W/mK. Vipande vyembamba huzeeka upesi zaidi.

Udongo wa nano, yaani chembe ndogo mno za udongo zinazochanganywa kwenye povu, husaidia pale tu chembe hizo zinapotawanyika vizuri, maana gesi na maji hulazimika kuzizunguka. Zikishikana mabonge, ni hasara tupu: nyufa huanzia hapo hapo.

Kuhusu unyevu, ili kujua kama maji yamelidhuru povu, kausha kipande kwa nyuzi 50 za selsiasi hadi uzito usibadilike, kiloweke, kipime, kikaushe tena. Kikirudi chepesi kuliko mwanzo, maji yameondoka na sehemu ya povu lenyewe, na hapo kukausha hakurudishi nguvu.