Kwa nini dawa ya mzizi hurudiwa: jino lenyewe huila nguvu

Ndugu uliyeuliza kwa nini jino la mama yako limefunguliwa tena na kuwekewa dawa ileile, pole yake. Nimekuwa msaidizi wa munganga wa meno hapa Bukavu miaka 11, na wengi wanaorudi hivyo wanadhani walipewa dawa mbovu. Mara nyingi dawa ni nzima. Jino ndilo limeipunguza nguvu.

Ule uji mweupe ni kalsiamu hidroksaidi, yaani chokaa iliyozimwa kwa maji, ila hii imesafishwa. Inatumika kwenye meno tangu 1920. Ukali wake, kwa kipimo cha pH kinachoishia 14, ni 12.5 hivi, na vijidudu vingi havistahimili hapo.

Lakini ukuta wa mzizi si jiwe. Ni dentini, ile sehemu ngumu inayouzunguka mfereji wa katikati ya mzizi, na dentini imejaa vijimirija. Upande wa kiini cha jino, milimita moja ya mraba inaweza kuwa navyo 45,000 hivi, vipana ndani na vyembamba kadiri vinavyoelekea nje. Vijidudu vinajificha humo. Dawa ikivifuata, madini ya dentini yanaupooza ukali wake njiani, kwa hiyo katikati ya mfereji dawa ni kali kweli, ila ndani ya ukuta imeshalegea. Enterococcus faecalis, kijidudu sugu cha mizizi, kinavumilia ukali huo uliolegea.

Kuna pia tope. Sindano za kukwangua mfereji zinaacha unga uliogandamana kwenye midomo ya vijimirija, na dawa ikipakwa juu yake inabaki mlangoni. Ndiyo maana mimi huheshimu zaidi munganga anayeosha kwa subira, maji ya javeli kisha EDTA ya asilimia 17, dawa ya kuyeyusha tope hilo, kuliko anayejivunia dawa ya bei. Kwa mtu mzima kama mama, vijimirija vingi vimekwisha kujazwa madini, hasa kuelekea ncha ya mzizi, basi dawa inapenya polepole zaidi. Ukali wake kufika kilele upande wa nje wa mzizi huchukua wiki mbili, tatu.

Ila kuiacha miezi nako ni hatari, kwa sababu chokaa hiyo hudhoofisha dentini. Papa mmoja wa kisiwa cha Idjwi tulimwambia arudi baada ya wiki mbili. Nauli ya mtumbwi ikakosekana, akarudi baada ya miezi mitano. Kifuniko cha muda kilikuwa kimelika, mate yameingia, na jino limepasuka hadi mzizini. Tuliling'oa. Hatukuwa tumemweleza sababu ya ile tarehe, tulimwandikia tu kwenye karatasi, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo mama arudi siku aliyopangiwa hata kama maumivu yameisha. Kifuniko kikivunjika kabla, aende siku hiyohiyo. Na usione haya kumuuliza munganga wake ameosha mfereji kwa dawa gani na kwa muda gani.