Riwaya ikikupendeza na kukuudhi kwa pamoja

Ukifunga riwaya nzito ya vijana halafu mtu akakuuliza "Nzuri?" ukashindwa kujibu, usijilazimishe. Mimi yalinikuta na Children of Blood and Bone ya Tomi Adeyemi, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, iliyotoka mwaka 2018. Niliisoma mbiombio, na mpaka leo zipo kurasa ninazozirudia kwa raha na nyingine nikizikumbuka nakunja uso.

Zélie ni msichana mwenye nywele nyeupe. Mfalme Saran aliwaua watu waliojaliwa nguvu na miungu, mama yake Zélie akiwamo, na watoto waliobaki wanakamuliwa kodi na kuitwa funza. Siku moja sokoni Lagos, msichana aliyejitanda uso anamshika na kumsihi amtoroshe. Kumbe ni Amari, binti wa mfalme huyohuyo, amekimbia na gombo linaloweza kuzirudisha zile nguvu. Kaka yake, Inan, anatumwa kuwasaka.

Nilichokipenda ni nchi yenyewe. Ibadan, Zaria, Gombe: majina ya miji ya Nigeria yamepandwa kwenye ardhi ya kubuni, miungu ni ya Wayoruba, na maneno ya kuita nguvu ni Kiyoruba. Watu wanapanda simba wakubwa kama farasi. Baada ya miaka ya kusoma ngome za theluji na wafalme wenye ndevu za dhahabu, nilijisikia nimealikwa.

Kilichoniudhi ni mapenzi ya Zélie na Inan. Huyu kijana amemwinda ili amuue, askari wamechoma kijiji cha Zélie, kisha sura chache mbele wanashikana mikono! Hofu ya Inan niliielewa vizuri, maana sehemu zake anazisimulia mwenyewe, na tunamwona akimwogopa baba yake huku akificha kwamba na yeye ana zile nguvu anazotumwa kuzimaliza. Lakini mapenzi, hapana, hayakuniingia.

Halafu kuna mateso. Ipo sehemu ngomeni ambayo ilibidi niweke kitabu chini, nikaoshe vyombo. Hapo ndipo ninapokuwa na ushauri mmoja: usikipime kitabu kwa wingi wa damu, tazama sura zinazofuata. Mhusika akiumizwa leo na kesho anataniana na wenzake kama hakuna kilichotokea, mwandishi amekuchezea. Zélie hasahau. Anatoka mle akiwa mtu mwingine, na mwili wake una alama.

Tena usiyaruke maelezo ya mwandishi mwishoni. Adeyemi anaeleza kwamba aliandika huku akiona kwenye habari watu weusi wasio na silaha wakipigwa risasi na polisi Marekani. Baada ya kuyasoma nilirudi kwenye sehemu ya ngomeni nikaisoma kwa jicho jingine. Yale mapenzi hayakusaidika hata hivyo.

Kama una kijana nyumbani anayekitaka kitabu cha namna hii, kisome naye. Kumnyang'anya ni kazi bure, atakisoma kwenye simu. Binti wa dada yangu, yuko kidato cha pili, tulikuwa tukipokezana nakala moja. Maswali ya dhamira na maudhui tuliwaachia walimu wake. Mimi nilimuuliza tu, "Ungekuwa wewe, ungemwamini Inan?"

"Ningemwamini, mama mdogo. Wewe humpendi kwa sababu ni mtoto wa mfalme."

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Yeye anaona mapenzi yale ndiyo utamu wa kitabu, na kwamba Amari, niliyemshangilia mimi kuanzia sokoni, analialia mno. Sikukubali, ila niliporudia sura za Amari niligundua kweli analia sana. Sasa anataka kitabu cha pili cha mfululizo huu, kilichotoka 2019, na cha tatu, cha 2024. Nimemwambia cha pili atangulie yeye.