Vyuma vikavu bila oksijeni vinalika zaidi

Je, vyuma vikavu vinavyosuguana vitalika kidogo ukiondoa oksijeni? Hapana, ukijaza naitrojeni kavu mahali vilipo au ukitoa hewa yote, vyuma visivyo na oili vikisuguana mara nyingi vinalika zaidi, sio kidogo. Kwenye hewa ya kawaida chuma kina ngozi nyembamba sana ya oksaidi (chuma kilichoungana na oksijeni), nanomita chache tu, na hiyo ndo inazuia chuma kushika chuma, ikikwanguka oksijeni inaitengeneza tena palepale, sasa ukiondoa oksijeni hairudi, vyuma vitupu vinagusana, vinang'ang'aniana na kunyofoana vipande, kwenye ombwe (mahali pasipo na hewa) vinaweza hata kuungana bila moto wowote ndo maana watengeneza satelaiti wanaliogopa sana hili.

Na sio oksijeni peke yake, unyevu nao una kazi kubwa. Grafaiti, aina ya kaboni inayotumika kulainisha, inateleza vizuri kwa sababu ya mvuke wa maji, ndo maana wakati wa Vita Kuu ya Pili brashi za kaboni za jenereta za ndege (vipande vinavyosugua sehemu inayozunguka ili kupitisha umeme) zilikuwa zinaisha haraka mno ndege zikiruka juu sana kwa sababu hewa ya huko ni kavu. Molibdenamu disalfaidi, kilainishi kingine kikavu, ni kinyume kabisa, yenyewe inafanya vizuri pakavu na kwenye ombwe.

Ila kama ni mtikisiko mdogo mdogo kwenye sehemu zilizobanwa, mfano bolti, hapo oksijeni inaharibu kweli, ule unga mwekundu wa oksaidi ni mgumu na unaendelea kusaga, na hapo naitrojeni inasaidia.