Google Trends inasoma sifuri, je soko la mifuko ya kitambaa yenye michoro halipo?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi mchoraji niko Tanga, nachora majahazi, ndege na akina mama wa sokoni. Nataka kuuza mtandaoni mifuko ya kitambaa yenye michoro yangu. Nimeingia Google Trends, ile inayoonyesha neno linatafutwa kiasi gani Google, nikaandika "mfuko wa kitambaa wenye michoro" Tanzania, mstari umelala sifuri mwaka mzima. Nikaenda Etsy, lile soko la mtandaoni la vitu vya mikono, nikakuta mifuko ya hivyo maelfu. Sasa niamini kipi?

JIBU: Marahaba dada. Usiamini hata kimoja, kwa namna ulivyovisoma.

Ile namba ya Trends sio hesabu ya watu. Ni kipimo cha 0 mpaka 100, na 100 ni kilele cha neno lako kwa muda na eneo ulilochagua, neno likitafutwa kidogo sana linarudi 0 tu basi. Na wewe umeandika sentensi nzima, nani anatafuta mkoba hivyo jamani? Andika "tote bag", ndo jina la Kiingereza la mkoba wa kitambaa, alafu kwenye vile vipendekezo vinavyoshuka chagua mada badala ya neno, hapo inakukusanyia na maneno ya lugha nyingine na yaliyokosewa spelling. Vuta muda uwe miaka 5, weka pembeni neno ambalo ukubwa wake mtaani unaujua, mfano "vitenge", ulinganishe. Ila hata ukifanya yote hayo kumbuka wateja wengi wa huku wakitaka mkoba wanaingia Insta au wanachungulia status za WhatsApp za dada fulani anayeuza, na huko Trends haina macho.

Etsy nako yale maelfu ni bidhaa zilizopangwa, yani wenzako wanaouza, wanunuzi hujawaona bado. Fungua duka moja moja uangalie jumla ya mauzo (na hapo uwe makini, kama duka linauza na vikombe jumla hiyo ina vikombe ndani), kisha panga maoni ya wateja kuanzia mapya, maana yana tarehe na yanaonyesha kitu gani kilinunuliwa. Soma hasa yale ya nyota 3. Nyota 5 wanasifia tu, nyota 1 mara nyingi ni ugomvi wa posta, lakini wa nyota 3 ndo anakwambia kamba fupi haipiti begani ukivaa sweta, kitambaa chepesi kalamu inachungulia, mchoro mdogo kuliko kwenye picha. Hayo andika yote, fundi wako atayahitaji.

Kuuza huko huko ni hesabu nyingine. Wanachaji dola 0.20 kila bidhaa unayoweka, inakaa miezi 4, ukiuza wanakata 6.5% mpaka kwenye hela ya usafirishaji, na kwanza hakikisha nchi yako ipo kwenye orodha yao ya malipo. Alafu tangu 29 Agosti 2025 Marekani waliondoa ule msamaha wa ushuru kwa vifurushi visivyozidi dola 800, kwa iyo mkoba wako mmoja nao unakumbana na forodha. Mimi ningeitumia Etsy kama shule, duka liwe hapa nyumbani.

Hapa nyumbani chukua akaunti kama 20 za Insta na TikTok zinazouza mikoba Dar, Arusha na Zanzibar, fungua Excel, andika bei, saizi, mchoro wa nini, tarehe. Laiki achana nazo. Hesabu komenti za "bei?", "mko wapi", "Mwanza mnatuma?", na angalia mchoro gani unarudi tena baada ya miezi, maana hakuna anayeprinti upya kitu kilichomlalia stoo. Pitia na maktaba ya matangazo ya Meta (wenye Facebook na Insta), ni bure, inaonyesha tangazo limeanza lini, likiwa hewani miezi kadhaa ujue kuna kitu linaingiza.

Utakachokiona haraka ni kwamba ukijiita muuza mifuko ya sokoni umekwisha. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 1 Juni 2019 ile mifuko mbadala ya bei chee imejaa kila genge. Wewe unauza picha. Majahazi, sikufichi, Zanzibar yamejaa kwenye kila duka la watalii pamoja na michoro ya Tingatinga, ila akina mama wa sokoni ningeanza nao. Na usiwasahau wa semina na harusi wanaotaka mifuko 50 kwa mpigo, kwa sababu kwenye kuprinti kwa skrini kila rangi ina fremu yake ya kutengenezwa, rangi 5 kwa mifuko 10 inakula faida yote, rangi 2 kwa mifuko 50 unapumua.

Baada ya hapo shona mmoja tu, upige picha umevaliwa na mtu, posti, pokea oda kwa advansi nusu. "Hongera dada nzuri sana" sio oda, aliyetuma elfu tano ndo soko. Na bei iandike palepale kwenye posti, ukisema njoo inbox hutajua aliyepita kimya kakimbia bei au mchoro haujamgusa.